Chupa Iliyofika Imejaa

Haya yote ni kweli tupu. Kama kuna neno moja la uongo humu, basi jino langu hili la mbele, lililobaki peke yake kama mlinzi wa kanisa siku ya Jumatatu, ling'oke leo kabla sijala muhogo. Hapa Kalembe wapo watakaowaambia kwamba mimi naongeza chumvi. Msiwasikilize. Ni walewale waliokataa kuamini kwamba niliwahi kupeleka barua ya serikali mpaka Walikale kwa siku moja, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna.

Jambo lingine kabla hatujaanza: mimi simo katika hadithi hii. Nilikuwa jirani tu. Kati ya nyumba yangu na ya Jean de Dieu kuna safu moja ya migomba. Yanayosemwa kwao kwa sauti hunifikia yenyewe, na yanayosemwa kwa kunong'ona huwa nayafuata.

Jean de Dieu na mkewe Emérita wana shamba la maharagwe kwenye mteremko, na chini ya shamba, penye mwamba, wana chemchemi. Nyumba arobaini zinateka pale. Emérita hufagia njia ya kushukia kila asubuhi kama watu wanavyofagia mbele ya kanisa, na ole wake mtoto atakayefulia soksi karibu na bomba. Mwaka huo walikuwa na furaha moja kubwa. Binti yao Nadine alikuwa ameposwa na Luc, kijana wa Itebero, kule msituni. Bakwe, yaani wazazi na ndugu wa Luc, walikuwa wamepanga kuja mwezi wa nane kukaa, kuongea mahari, na kunywa.

Ndipo mwezi wa tano akafika Jeannette.

Jeannette alikuwa fundi wa maji kutoka Kirotshe, dada mwenye buti za plastiki na masanduku mawili ya baridi. Juu ya mlima wetu kuna watu wanaochimba na kuosha mawe, na mradi wake ulitaka kujua kama uchafu wao unashuka mpaka kwenye chemchemi. Aliteka ndoo nzima, akaikoroga kwa kijiti cha kioo taratibu kama uji wa mgonjwa, kisha akamimina katika chupa mbili.

"Mama Emérita," alisema, "chupa hii inaenda kupimwa labo ya Uganda. Hii ingine labo ya Ubelgiji."

"Ju ya nini mbili?" Emérita aliuliza. "Labo moja haijue kusoma?"

"Zote zinajua. Lakini tunataka kuona kama zinasoma sawasawa. Mama, soko ya hapa munapimia maharagwe na nini?"

"Na guigoz." Hilo ni kopo la maziwa ya unga, na kwetu ndiyo mizani.

"Na Itebero?"

"Guigoz pia. Lakini ya Itebero balishaigonga chini, ikaingia ndani kama tumbo ya mwenye njaa. Unanunua kumi, unafika nyumbani unakuta nane."

"Basi ni vile. Muntu wa Uganda akisema maji iko na mbili, na wa Ubelgiji akisema mbili, niwe na hakika ile mbili ni moja. Kama guigoz zao hazipatane, hatuwezi kuongea kitu juu ya muto unaopita katika nchi mbili ao tatu."

Emérita alicheka mpaka akajishika kiuno. Watu wenye ndege na hospitali za marumaru, kumbe nao wanagombania makopo!

Jeannette alifunga chupa, akachukua kalamu nyeusi na kuchora mstari mahali maji yalipoishia. Juu ya mstari aliacha nafasi ya vidole viwili. Hapo mzee mmoja aliyekuwa amesimama pembeni alishindwa kunyamaza. Alikuwa mtumishi mstaafu, planton, yaani tarishi, wa ofisi ya teritwari kwa miaka thelathini na moja, mtu safi, mwenye sura ya kuaminika. Jina lake nitaliacha. Wastaafu ni wengi.

"Dada," mzee alisema, "hii chupa haijae."

"Njo inatakiwa hivyo, Papa."

"Unapeleka chupa yenye kupunguka kwa bageni? Bulaya? Batasema batu ba Kalembe bako bachoyo hata ya maji."

Nawaeleza wasomaji wasiotoka kwetu. Kinywaji kinachopelekwa kwa bakwe, iwe kasiksi ya ndizi ao kitu kingine, lazima kifike kimejaa mpaka shingoni. Kikifika pungufu, wenyeji hawaulizi njia ilikuwaje. Wanakiweka chini, wanakiangalia, na ndoa imeshapata ufa. Kwa hiyo mbebaji mwenye akili huwa na kidumu kidogo cha kuongezea kabla ya kupiga hodi. Kila mtu anajua, na hakuna anayesema.

Jeannette hakujua mzee alikuwa anasema kwa uchungu wa kweli. Alicheka tu. Kisha akaeleza kwamba masanduku mawili hayapandi moto moja, yaani pikipiki, maana moto ikianguka kazi yote imemwagika. Sanduku la Uganda angelipeleka mwenyewe. La Ubelgiji lilihitaji mtu mwaminifu wa kulifikisha Kirotshe, kwa wenzake waliokuwa wakipima maji ya ziwa, na wao wangelipeleka kwenye ndege.

Mzee alinyoosha mgongo. Miaka thelathini na moja, hakuwahi kupoteza bahasha. Alipewa fishi, karatasi ya kusindikiza chupa, akatia sahihi yake ndefu yenye mikia miwili, akaondoka kesho yake na lori ya kabichi.

Akafika. Chupa ikafika. Mambo yakaisha. Au ndivyo alivyodhani yule mzee.

Majibu yalikuja baada ya wiki sita. Jeannette alimpigia simu Chef Isidore, chef wa kijiji, na Chef akaweka sauti ya juu ili wote tuliokuwa kwenye baraza yake tusikie.

"Chef, labo ya Uganda imekuta plomb mbili. Ya Ubelgiji imekuta makumi munane na sita."

"Plomb njo nini?"

"Madini nzito, ile ya ndani ya batri. Ikizidi kumi, maji haifai kunywa. Inaharibu akili ya batoto."

Chef Isidore alitutazama mmoja mmoja. "Basi maji ni sumu."

"Hapana, Chef, sijasema vile. Nasema hizi namba mbili hazipatane. Moja kati yao ina shida, na sijajua ni gani."

"Dada, usinisumbue. Mashini ni ya bazungu. Muzungu atakosa kusoma mashini yake mwenyewe, halafu Muganda aliyeinunua aisome vizuri?"

"Chef, labo ya Uganda..."

"Bulaya imesema makumi munane na sita!"

Alikata simu. Mchana uleule alituma watu wakakate matawi ya miiba, wakayarundika juu ya bomba la Emérita, na juu yake wakasimamisha kipande cha ubao: MAJI YA SUMU. Jean de Dieu alisimama shambani na jembe lake mkononi. Aliangalia mpaka wakamaliza. Mmoja wao alipokosa misumari, ni yeye aliyekwenda nyumbani kumletea nyundo na misumari, maana alilelewa asimkatalie mtu kifaa. Jambo hilo Emérita hakumsamehe kwa siku tisa.

"Misumari yetu!" alikuwa akisema kila akiweka chakula mezani. "Balitutukana, na ukabapa misumari!"

Jean de Dieu alikuwa akila.

Sumu haikukaa ndani ya bomba. Ilipanda mteremko, ikaingia ndani ya nyumba, ikakaa kwenye kiti. Jumapili ile, baada ya misa, zamu ya kulisha waimbaji ilikuwa ya Emérita. Alipika maharagwe na ndizi, sufuria kubwa, akaibeba kichwani mpaka nyuma ya kanisa. Waimbaji walimshukuru. Mmoja alikuwa amefunga. Mwingine tumbo lilikuwa linamuuma. Wa tatu alisema anakwenda kuchukua sahani, na hajarudi mpaka leo. Emérita aliirudisha sufuria ikiwa na uzito uleule, akapita katikati ya soko kwa makusudi, kichwa juu, na nyumbani akawamwagia kuku.

"Hata kuku," aliniambia, "balikuwa banafikiri kwanza."

Nyumba arobaini zilirudi kuteka mtoni, kule chini ambako ng'ombe wanaingia mpaka magotini. Wiki ya pili watoto wakaanza kuhara. Na nani alilaumiwa? Sumu ya Emérita iliyobaki matumboni.

Kisha ikaja simu ya Itebero. Mama Josiane, mama yake Luc, ni mwanamke wa heshima. Aliuliza habari za mashamba, mvua, na mguu unaomuuma Jean de Dieu. Mwisho akasema polepole:

"Dada yangu Emérita, tutakuja kama tulivyosema. Lakini musijichokeshe kupika. Na maji, tutakuja na yetu."

Emérita aliweka simu kwenye meza kama mtu anayeweka yai.

"Alisema nini?" Nadine aliuliza.

"Alisema batakuja na maji yabo."

Kwetu, mkwe anayekuja na maji yake amekuja kuonyesha watu mlango aliotokea, yaani posa iko karibu kuvunjika. Nadine alikwenda nyuma ya nyumba, na migomba ile ni myembamba, nilisikia kila kitu. Hakulia sana. Alimpigia Luc, na Luc akawa anasema "nitaongea na mama, nitaongea na mama," kwa sauti ya kijana ambaye hajawahi kuongea na mama.

Na mimi? Hapa niruhusuni nijisifu kidogo. Katika kijiji kizima, ni mimi peke yangu niliyeendelea kuingia kwa Emérita kila siku, kukaa kwenye kiti changu, na kuomba maji. Alikuwa akinitolea kikombe cha bati, maji ya akiba aliyochota kabla ya miiba, na baadaye maji aliyochota kwa kupitisha mkono ndani ya miiba. Nilikunywa chote mbele ya watu, nikafuta mdomo.

"Papa Damascène," Emérita aliniambia siku moja, na macho yake yalikuwa yamelowa, "kwa hii Kalembe yote, ni weye peke yako mwenye roho."

Nilimaliza kikombe. Maji yalikuwa matamu, lakini yalishuka kama yamevaa miiba. Msiniulize kwa nini. Nimesema simo katika hadithi hii.

Jeannette hakulala. Wakubwa wake nao walikuwa wameshachagua Ubelgiji. Walimwambia aandike makumi nane na sita, aifute ile mbili, ripoti ifungwe. Alikataa. Alisema namba haipimwi kwa utajiri wa nchi iliyoitoa. Basi alifanya ujanja ambao, hata mimi mwenye ujanja wangu, niliuvulia kofia. Alimweleza Emérita kwenye simu, na Emérita alikuwa anarudia kila neno kwa sauti ili mumewe asikie.

"Mama, nilitengeneza maji mimi mwenyewe. Maji safi, nikatia plomb kipimo ninachokijua. Makumi ine kamili. Nikagawa mbili, nikaifunga na nta, nikatuma Uganda na Ubelgiji. Sikuwaambia ni nini. Balifikiri ni chemchemi ingine."

"Uliwategea!"

"Niliwategea. Leo balijibu. Uganda: makumi ine na moja. Ubelgiji: makumi tatu na tisa."

"Haikutoka sawa."

"Mama, ile ni sawa. Hata weye ukipima maharagwe mara mbili, punje mbili tatu zitatofautiana. Guigoz zao hazijagongwa chini. Hata moja."

Emérita alihesabu kwa vidole. Aliwaza. Yeye hakusoma zaidi ya darasa la tano, lakini amenunua na kuuza maisha yake yote.

"Kama guigoz ziko sawa," alisema taratibu, "na maharagwe ilitoka gunia moja... basi muntu alitia mukono mu njia."

"Njo ninafikiri vile, Mama. Nimeomba Ubelgiji banitumie picha ya chupa siku ilipofika. Banapiga picha kila chupa."

Siku ile nilienda nyumbani bila kumaliza kikombe.

Mwezi wa nane bakwe walikuja. Walikuwa watano, wamechafuka matope mpaka mapajani, maana kutoka Itebero ni mwendo wa kuzeesha viatu. Mama Josiane alitangulia, na nyuma yake shemeji yake alibeba jerikani ya njano ya lita kumi. Aliiweka katikati ya uwanja, pale ambapo watu huweka kasiksi. Chef Isidore, aliyealikwa kama mkubwa wa kijiji, alikohoa. Hakuna aliyeiangalia, na hakuna aliyeangalia kitu kingine.

Nadine alipita na sahani ya karanga. Luc alichukua karanga. Mama yake alimtazama, na Luc akazirudisha.

Hapo ikalia moto barabarani, na Jeannette akaingia uwanjani na buti zake.

"Samahani, bazazi wetu," alisema. "Sitakawia. Niko na picha moja."

Alipitisha simu yake kutoka mkono mpaka mkono. Picha ilikuwa ya chupa iliyosimama juu ya meza nyeupe, na pembeni yake rula. Mstari mweusi wa kalamu ulionekana vizuri. Maji yalikuwa juu ya mstari. Yalikuwa yamejaa mpaka shingoni, mpaka chini ya kifuniko.

"Mimi niliacha vidole mbili," Jeannette alisema. "Ilitoka hapa ina kasoro. Ilifika Bulaya imejaa."

"Maji inazaaka?" Jean de Dieu aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema mbele ya watu tangu ile siku ya misumari.

"Haizaake, Papa. Na labo iliandika kitu ingine ambayo wakubwa yangu habakusoma: maji iko na ukali, kama acide ya batri." Alitoa karatasi mfukoni, ile fishi ya kusindikiza. "Kila mwenye kushika chupa alitia sahihi. Kutoka Kalembe mpaka Kirotshe ni muntu moja tu."

Alisoma jina.

Basi. Wasomaji wangu, nyinyi ni watu wenye akili, mlishajua tangu pale kwenye lori ya kabichi. Jina lilikuwa Nzabandora Damascène, na sahihi ilikuwa na mikia miwili, na wote waligeuka kuangalia kiti changu.

Nilisimama. Nilikuwa nimeiandaa hadithi kwa siku kumi na moja, na ilikuwa nzuri. Niliwaeleza jinsi lori ilivyokwama kwenye matope, na jinsi gorila mkubwa, mgongo wake mweupe kama meza ya padri, alivyotoka kwenye mianzi na kusimama barabarani mkono mbele, akidai haki yake ya njia. Nilivyokuwa sina kitu. Alivyoichukua chupa, akaifungua kwa meno kwa adabu, akanywa nusu, akanirudishia. Nilivyoona aibu kwa ajili ya taifa, nikaijaza kwenye kijito safi cha mlimani.

Bakwe wa Itebero, watu wa msituni, walinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima kubwa. Shemeji yake Mama Josiane, ambaye ni mwindaji, alisema tu, "Hmm."

Emérita hakupandisha sauti.

"Damascène," alisema. Hakusema Papa. "Ule gorila alikuwa na batri?"

Nilitafuta jibu. Nimefanya kazi serikalini miaka thelathini na moja, na sijawahi kukosa jibu. Nilikuta tu kile kikombe cha bati mezani mbele yangu, kimejaa, alichoniwekea asubuhi kabla ya wageni.

Nikakaa. Nikasema.

Lori ililala Mweso. Nilikuwa nimekaa kwenye kabare ya pombe pale karibu na kijana anayechaji simu za watu kwa batri za gari, na wanywaji wakaniuliza sanduku lina nini. Nikawaambia: maji ya kwetu, yanaenda Bulaya kwa ndege, bila viza. Hawakuamini. Nikafungua niwaonyeshe. Mmoja akaomba kuonja maji yatakayopanda ndege. Nikamwonjesha, kifuniko kimoja. Wa pili akaomba. Wakaita wengine. Mwanamke mmoja alimpaka mtoto wake kwenye paji la uso. Sikuwahi kuwa mtu mkubwa hivyo maishani mwangu; hata siku nilipobeba barua ya gavana hakuna aliyeomba kuigusa. Nilipofunga chupa, nusu ilikuwa imekwenda.

"Na sikuweza," nilisema, "kufika kwa bageni na chupa nusu. Munajua. Bote munajua. Palikuwa pipa nyuma ya yule kijana wa batri, ya maji ya mvua. Kumbe njo mule anaoshea vyuma vya batri. Nikajaza. Mpaka shingoni. Ju ya heshima yenu, Emérita. Sikutaka baseme muko bachoyo."

Nadine alikuwa ameshika sahani ya karanga kama usukani.

"Na siku Chef alileta miiba," Emérita alisema, "ulijua?"

"Nilihisi."

"Na ulikuwa unakuja kukunywa maji yangu. Nikakusifu."

"Ilikuwa namna yangu ya... kusema."

"Weye mwenye kusema mambo ya kila muntu," alisema, "siku ile moja njo ulikosa mudomo."

Jean de Dieu alisimama, akaingia ndani. Nilidhani anakwenda kuchukua fimbo. Alitoka na ile nyundo. Alinipita bila kuniangalia, akashuka mteremko, na muda si mrefu tukasikia misumari inang'olewa kwenye ubao, mmoja mmoja, taratibu, kama na mtu anayetaka kuitumia tena.

"Subiri, Papa!" Jeannette alimwita kutoka juu. "Nichukue kwanza maji mpya. Masanduku mawili, nta, na ninabeba mwenyewe. Majibu ikipatana, mutafungua."

"Utachukua," sauti ya Jean de Dieu ilipanda kutoka chini. "Ubao ninatoa leo. Iko na misumari yangu."

Chef Isidore aligundua kwamba ana mkutano mahali pengine.

Mama Josiane alikuwa bado anaiangalia jerikani yake ya njano. Aliinama, akaibeba mwenyewe, akaizungusha nyuma ya nyumba, mahali ambapo haionekani kutoka kwenye kiti cha mtu yeyote. Aliporudi hakusema lolote kuhusu jerikani. Alisema, "Tutangojea majibu pamoja. Hatuna haraka. Luc, kula karanga."

Majibu ya safari hii yalikuja mwezi wa kumi. Uganda: moja na nusu. Ubelgiji: moja na nukta sita. Jeannette alipozisoma, Emérita alimwambia arudie, kisha arudie tena, na mara ya tatu akamtaka aanze na Ubelgiji, ili Chef asikie vizuri kwamba Bulaya imejifunza kusoma.

Miiba aliitoa Emérita kwa mikono yake. Hakutaka msaada. Waimbaji walikuja wote jioni ile kuteka, wamebeba ndoo, na kila mmoja akakumbuka kuuliza habari za Nadine.

Mahari ilikaa vizuri. Ikabaki kupeleka Itebero jerikani ya kasiksi ya kurudisha heshima, lita ishirini. Mbebaji alikuwa ameshachaguliwa.

"Damascène ataipeleka," Emérita alisema. "Kwa muguu. Na Jeannette atafanya kazi yake."

Jeannette alichora mstari mweusi kwenye jerikani, vidole viwili chini ya shingo, ili bakwe wote waone haikujazwa. Akaifunga kwa nta, akatengeneza fishi, na nikatia sahihi. Masharti yalikuwa ya Emérita: kila kidole kitakachopungua, mbuzi mmoja. Kikizidi, mbuzi wawili.

Siku tatu nilitembea. Siku ya kwanza nilikuwa mtakatifu. Ya pili jua lilikuwa kali, na nta, ninaapa, ililegea yenyewe. Siku ya tatu, karibu kabisa na Itebero, nilipiga magoti kando ya kijito, jerikani imefunguliwa, mkono umeshika kikopo. Maji yalikuwa safi sana. Nilipima kwa macho kasiksi niliyokunywa: kidole kimoja tu cha kuongeza, hakuna ambaye angejua. Nilikaa pale mpaka mwindaji mmoja akapita, akanisalimu, akaniuliza kama ninasali.

Nikafunga kifuniko bila kuongeza kitu. Nilipofika, wazee wa Itebero walikuwa wamekaa tayari. Mama Josiane aliiweka jerikani chini, akachuchumaa, akapima. Kasiksi ilikuwa chini ya mstari.

"Kidole moja," alisema. Akanipa fishi na kalamu. "Andika ni ju ya nini."

Niliandika: Imevuja.

Alisoma. Alisimama, akaja karibu, karibu kabisa, uso wake mbele ya uso wangu, akavuta pumzi kwa pua. Wazee walianza kucheka kabla hajasema. Nilichukua tena fishi, nikakata lile neno, na chini yake nikaandika kwa herufi kubwa: NIMEKUNYWA MIMI. Nikatia sahihi, mikia yote miwili.

Walikunywa ile kasiksi kama ilivyo, pungufu, na hakuna aliyesema ndoa ina ufa. Mbuzi nimempeleka kwa Emérita wiki jana, jike, mweusi, mwenye sikio moja lililokatika. Alimpokea, akamfunga kwenye mgomba, akanitolea kikombe cha bati, amekijaza nusu. Nimekunywa. Jino bado lipo, lakini tangu nianze kuandika haya linatikisika.